Memori kadi katika nchi ya koltani

Katika sehemu kubwa ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, simu ya mkononi imefanya kazi ya redio, tochi na sanduku la nyimbo kwa saa nyingi kuliko ilivyofanya kazi ya kupiga na kupokea. Sura ya nchi yenyewe inaeleza sababu. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu asilimia 40 ya mkoa mzima wa Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu ambamo vijiji vimetawanyika mbali na barabara. Masisi ni ndogo na ina watu waliobanana zaidi, lakini ni nchi ya milima: mnara uliosimama upande huu hausaidii bonde la upande wa pili. Celtel ilipoanza kazi nchini mwaka 2000 na Vodacom ikafuata mwaka 2002, makampuni yalianza na miji, kisha yakafuata vituo vya biashara, na hadi leo mtu akitoka kituoni akatembea saa moja anaweza kujikuta mahali pasipo na mtandao kabisa. Kwa mtu huyo thamani ya simu iko katika kile alichokwisha kukiweka ndani. Kwa hiyo kijikadi cheusi cha kumbukumbu kinachoenea juu ya ukucha kina historia yake hapa, sawa na barabara na masoko, na uamuzi wa wataalamu wa programu wa California wa kubana matumizi yake ni sehemu ya historia hiyo. Nasema uamuzi huo ni wa ukoo mmoja na maamuzi mengine yaliyowahi kuziangukia wilaya hizi mbili kutoka mbali. Yote yalikuwa na sababu zenye maana, na yote yalidhani kwamba watu wana mlango wa pili wa kupitia.

Kadi hiyo ndogo ilitolewa na SanDisk mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na mwaka uliofuata ikakubaliwa kuwa kipimo rasmi kwa jina la microSD. Wakati huo, katika msitu wa Walikale, machimbo ya kasiteriti, yaani madini ya bati, ya Bisie yalikuwa yamekwisha kuvuta maelfu ya watu. Barabara ya gari hadi mgodini haikuwepo. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 kwa miguu hadi Njingala, na kutoka huko madini yalifikishwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami, zikapakia, zikarudi Goma. Hazikuja tupu. Bia, mafuta, nguo, betri na simu viliingia kwa njia ileile madini yaliyotokea, kisha vikapanda vichwani na migongoni mwa watu hadi machimboni. Muziki na filamu navyo vilisafiri hivyo, vikiwa ndani ya kadi. Hata mahali ambapo faili ya wimbo haingeweza kupita hewani, kadi yenye nyimbo mia kadhaa ilipita mfukoni bila kuongeza uzito wa mzigo.

Kazi ya kuijaza kadi hufanyika katika vibanda vya kuchajia simu, penye jenereta au paneli za sola. Mteja hufungua mgongo wa simu, huinua betri, na kwa ukucha husukuma kadi kutoka chini ya laini. Kijana wa kibanda huitia katika kisomeo kilichochomekwa kwenye kompyuta kuukuu, ambamo folda zimepangwa kwa majina ambayo kila mtu anayajua: rumba, kwaya, mahubiri, filamu. Mteja huchagua, hulipa faranga kidogo, na huondoka na burudani ya miezi. Lakini jambo kubwa zaidi hutokea baadaye. Kadi huhama kutoka simu hadi simu. Ndugu humwazima ndugu, mchimbaji humpelekea mke wake picha kwa mkono wa msafiri, kwaya ya kanisa hurekodi nyimbo zake kwa simu ya mmoja wao na kadi ikazungushwa hadi waimbaji wote wamepata. Simu ikifa, kadi hutolewa ikaingizwa katika nyingine, na maisha ya mtu yakaendelea pale yalipoishia. Katika nchi ambayo simu nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika na huharibika upesi, mali ya kweli ilikuwa kadi. Simu ilikuwa chombo cha kuisomea.

Mwishoni mwa Oktoba 2013 Google ilitoa toleo la 4.4 la Android. Siku chache baadaye, tarehe 5 Novemba, waasi wa M23 walitangaza mwisho wa vita vyao vya kwanza, na hakuna mtu Kivu Kaskazini aliyekuwa na nafasi ya kusoma habari za programu. Lakini ndani ya toleo hilo mlikuwa na badiliko zito. Tangu hapo programu ya kawaida ingeweza kuandika kwenye kadi ndani ya folda yake tu. Kuhamisha, kufuta au kubadili jina la faili nyingine iliyomo katika kadi kulikatazwa. Kanuni yenyewe ilikuwepo tangu matoleo ya 2011, ila watengenezaji wengi wa simu hawakuifuata, na sasa ikawa lazima. Mwenye simu alifungua programu aliyoizoea ya kupangia faili, akagusa wimbo aufute, na simu ikakataa. Kulikuwa na mtego mwingine uliojificha zaidi: folda ile moja iliyoruhusiwa hufutwa programu yenyewe inapoondolewa. Mtu aliyehifadhi nyimbo zake humo, akaiondoa programu ili apate nafasi, alipoteza vyote kwa pamoja. Kisha mwaka 2015 toleo la 6 likaleta uwezekano wa kuifanya kadi kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani. Katika simu zilizoruhusu jambo hilo, kadi hufutwa kwanza, kisha huandikwa kwa siri ambayo ufunguo wake hubaki ndani ya simu ileile. Simu ikiibwa au ikifa, kadi haisomeki popote pengine. Onyo huwa lipo kwenye skrini, ni kweli, lakini anayeliona mara nyingi ni muuzaji anayeiandaa simu haraka dukani, naye si atakayebaki na kadi isiyosomeka.

Mtu anaweza kusema kwamba habari hizi haziwahusu watu wa Masisi na Walikale, kwa kuwa wengi wana simu za vibonye, na wenye simu janja hawana mega za kutosha kupakua sasisho. Nusu ya maneno hayo ni sahihi. Simu za vibonye ziliendelea kusoma kadi bila masharti, na hiyo ni moja ya sababu za watu kuzing'ang'ania. Lakini sasisho halihitaji kupita hewani ili limfikie mtu. Huja limekwisha kuwekwa ndani ya simu inayofuata, pale ile ya kwanza inapoharibika na mwenyewe akanunua nyingine sokoni. Mkazi wa Ulaya aliyechukizwa na badiliko la 2013 aliweza kuahirisha sasisho, au kusoma namna ya kulikwepa. Mnunuzi wa Rubaya, mji wa machimbo ya koltani huko Masisi, alikabidhiwa kanuni mpya pamoja na simu, bila kuambiwa kwamba kuna kanuni.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la usalama, na linastahili kujibiwa kwa haki. Kabla ya 2013, programu yoyote iliyopewa ruhusa ya hifadhi iliweza kusoma na kuharibu kila kitu kilichomo katika kadi. Programu ya tochi ingeweza kupekua picha za familia. Mfumo wa faili unaotumika katika kadi nyingi, yaani FAT32, hauna namna ya kuandika faili hii ni ya nani. Tena masoko yetu yamejaa kadi bandia zinazojitangaza kuwa na ukubwa wasiokuwa nao, na faili zikizidi kiasi chake huharibika. Hatari hizo zote ni za kweli. Ila mwaka mmoja baadaye, katika toleo la 5, Google yenyewe iliweka njia ya mwenye simu kuchagua folda katika kadi na kuiruhusu programu fulani kuitumia. Basi ulinzi na uhuru viliweza kukaa pamoja tangu mwanzo. Kilichokosekana mwaka 2013 ni mtu wa kuuliza nani ataumia katika mwaka huo wa kusubiri, na nini kitatokea kwa programu ambazo watengenezaji wake hawakurudi tena kuziandika upya. Tangu toleo la 11 la mwaka 2020 mbano umeongezeka, na programu inayotaka kufikia faili zote kwa kawaida hulazimika kumshawishi mwenye duka la programu kwamba inastahili.

Watu wa Masisi na Walikale wanaifahamu namna hii ya kulindwa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani, ili fedha zisiwafikie wenye silaha. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Shabaha ilikuwa njema: Bisie ilikuwa imeshikwa kwa miaka na watu wenye bunduki, na wachimbaji ndio waliokamuliwa. Marufuku iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi wa nje waliona ni rahisi zaidi kutonunua kabisa kuliko kuchunguza. Familia zilizoishi kwa kasiteriti na koltani zilibaki bila soko, na wenye silaha wakatafuta njia nyingine za kukamua. Sisemi madhara ya sheria ya madini yanalingana na ya programu ya simu. Hayalingani hata kidogo. Kilicho kimoja ni njia ya kufikiri: mtu wa mbali huiona hatari, huifunga njia ambamo hatari inapita, na hahesabu kwamba riziki ya watu nayo inapita humo. Na kinachouma ni kwamba vitu hivi viwili vinakutana ndani ya kifaa kimoja. Tantali itokanayo na koltani ya Masisi hutengenezewa kapasita za simu, na bati la kasiteriti ya Walikale hulehemu vipande vyake. Mwaka 2024, M23 walipokwisha kuiteka Rubaya, machimbo ya huko yalitajwa katika taarifa za Umoja wa Mataifa kuwa yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia.

Wapo watakaosema kadi ilikuwa njia ya wizi, kwa kuwa wasanii hawakulipwa. Wasanii wa Goma na Kinshasa wana haki ya kulalamika, na siwezi kuwapinga. Lakini mbano wa 2013 haukugusa nakala hizo hata kidogo. Kompyuta ya kibandani iliendelea kunakili kama zamani. Aliyefungwa mikono ni mwenye kadi anapotaka kupanga faili zake ndani ya simu. Tena kadi za SD, tangu zilipobuniwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, zilibeba kufuli la kulinda hakimiliki, na karibu hakuna aliyelitumia. Vilevile kadi hizi zimehifadhi muziki ambao hakuna kampuni iliyowahi kuurekodi. Kule Kidal, kaskazini mwa Mali, Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo kutoka kadi za simu za watu na kuzitolea albamu, akitafuta wenyewe ili walipwe. Kwaya za Masisi na nyimbo za Kinyanga za Walikale nazo zimo katika kadi za namna hiyo.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba intaneti itafika, na kila kitu kitahifadhiwa mtandaoni. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na haikurudi hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Mapema 2015 ilikuwa imekwisha kukatwa pia. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipita Masisi hadi Goma, na mwezi Machi vikafika Walikale-centre; mahali penye mapigano minara hunyamaza, na anayekimbia hana mega wala umeme. Hapo mtu anaweza kuuliza kama kuna haja ya kuzungumzia kadi wakati watu wanauawa na kufukuzwa makwao. Haja ipo, kwa sababu aliyefukuzwa huondoka na kile kinachobebeka. Hati ya shamba aliyoipiga picha, sura za wazazi waliokufa, sauti ya ndoa ya binti yake, vyote vinaweza kuwa katika kadi iliyoshonewa ndani ya upindo wa nguo, mahali ambapo anayepekua kizuizini huenda asiione. Kadi iliyofungwa kwa ufunguo wa simu iliyonyang'anywa haimsaidii kitu.

Samsung iliondoa tundu la kadi katika Galaxy S6 mwaka 2015, ikalirudisha mwaka uliofuata kwa S7 baada ya wateja kulalamika, kisha ikaliondoa tena kwa S21 mwaka 2021. Simu za Tecno na itel zinazouzwa Goma bado nyingi zina tundu hilo, kwa kuwa watengenezaji wao wanamjua mnunuzi wao. Mfumo ulio ndani, hata hivyo, ni uleule wa Google. Mbele ya swali linalotokea kadi mpya inapoingizwa katika simu zenye chaguo la kuifanya kumbukumbu ya ndani, kijana wa kibanda aliyekwisha kuona kadi kadhaa zikifa huchagua hifadhi ya kuhamishika, tena humwambia mteja sababu kabla ya kufunga mgongo wa simu.