Madigadi ya Plastiki kwenye Pikipiki za Zamani za Motokrosi

Pikipiki nyingi za motokrosi, yaani mashindano ya kasi kwenye vilima na matope, zilivaa katika miaka ya 1960 madigadi ya bati, ya alumini au ya faibaglasi, ambayo ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu; bati na alumini vilipinda na faibaglasi ikapasuka kila mwendeshaji alipoanguka, jambo ambalo katika mchezo huo ni la kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Preston Petty, mwendeshaji aliyegeuka mfanyabiashara, alipata umaarufu kwa madigadi ya plastiki yaliyokunjika bila kuvunjika, na nchini Italia Franco Acerbis akaanzisha kampuni yake ya vipande vya plastiki vya pikipiki mwaka 1973. Haishangazi kwamba Waitalia waliimudu kazi hiyo, kwa kuwa polipropilini, plastiki nyepesi isiyochoka upesi kwa kukunjwa, ilikuwa imefanyiwa kazi Milano mwaka 1954 na mkemia Giulio Natta.

Vipande vya kubadilishia vinavyotengenezwa leo kwa ajili ya pikipiki hizo mara nyingi havilingani kikamilifu na fremu iliyokwisha kupinda, hivyo fundi hukishika kipande mahali pake, hupima nafasi ya tairi shokamzoba zikiwa zimebonyea, ndipo hutoboa matundu na kukaza bolti kwa washa pana zinazogawanya mkazo. Anayekaza kabla ya kupima huishia kuona tairi likilikwangua digadi jipya.