Mgonjwa wa Kiharusi Nyumbani: Tumsaidie Bila ya Kumpokonya Nafuu Yake

Sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta’aalaa), na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba’ad. Ni nyingi nyumba za visiwani mwetu zinazomuuguza mzee aliyepatwa na kiharusi. Anarudi kutoka hospitali upande mmoja hauna nguvu, na watoto wote wanamzunguka. Huyu anamlisha, yule anamvisha, mwengine anamjibia hata salamu. Kila mmoja anatafuta radhi za mzee wake. Miezi ikipita, mkono ambao ungeweza kujifunza tena kushika kijiko umekakamaa, na mzee mwenyewe ameshajihesabu kuwa ni mzigo. Tunayaandika haya kwa kuwa wema wa namna hii, usipoangaliwa, humdhuru mgonjwa.

Kiharusi ni nini

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo kwa mshipa kuziba, au mshipa unapopasuka na damu kumwagika ndani. Ubongo wa kushoto huendesha upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huendesha upande wa kushoto. Sababu yake kubwa ni presha ya kupanda. Sukari, sigara na maradhi ya moyo nayo huchangia. Kwa hiyo tusipoteze siku tukimtafuta aliyemroga. Kumsomea mgonjwa ruqyah na kumuombea dua ni katika Sunnah, na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) pia ameamrisha kujitibu. Mawili haya hayagombani.

Nafuu hutoka wapi

Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, lakini sehemu nzima huweza kujifunza kuchukua kazi yake. Hujifunza kwa kurudia jambo moja mara nyingi, kama mtoto wa chuoni anavyorudia alifu na bee. Kasi kubwa huwa katika miezi 3 ya mwanzo, ingawa mtu huendelea kupata nafuu hata baadaye. Basi kila tunapomfanyia mgonjwa jambo ambalo angeliweza kwa taabu, tumemnyima somo.

Kabla ya kutoka hospitali, iwe ni Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee, ombeni muoneshwe mazoezi yanayomfaa mgonjwa wenu na namna ya kumnyanyua. Mkifika nyumbani, fanyeni haya:

1. Muulizeni yeye anataka kuweza nini. Mmoja atasema kwenda msikitini, mwengine kufunga kanga yake mwenyewe au kuchambua mchele. Lengo alilolichagua mwenyewe atalihangaikia zaidi kuliko mlilompangia nyinyi.

2. Ligaweni lengo vipande. Anayetaka msikiti aanze kwa kukaa ukingoni mwa kitanda, kisha kuinuka mara chache huku ameshikwa, kisha kufika mlangoni, kisha barazani. Andikeni katika daftari alichokiweza kila siku, na yeye ndiye aseme kiandikwe nini.

3. Mpeni nafasi. Subirini ajaribu kwanza, akishindwa mwelekezeni kwa maneno, na mkono wenu uwe wa mwisho. Kuvaa shati kukimchukua robo saa, hiyo robo saa ni mazoezi. Aanze kuvaa kwa mkono dhaifu, na kuvua aanze kwa mkono mzima.

4. Mkono dhaifu upeni kazi ndogo, hata kuvuta tasbihi kete moja moja. Wala msimnyanyue kwa kumvuta mkono huo, bega huteguka. Anapotembea, msaidizi akae upande dhaifu.

5. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda.

Chakula na dawa

Asilishwe akiwa amelala. Akae wima, ale matonge madogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji, mrudisheni kwa daktari, kwani chakula huweza kuingia mapafuni.

Dawa ya presha haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Kuiacha ni katika njia zinazoleta kiharusi cha pili. Anayeweza azijue dawa zake na saa zake mwenyewe. Aspirini asipewe bila ya amri ya daktari, maana aliyepasukiwa na mshipa humdhuru. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, nayo imo pia ndani ya achari na ng’onda.

Asiyeweza kusema

Kupotewa na maneno si kupotewa na akili. Wengi husikia na kufahamu, ila ulimi haufuati. Muulizeni maswali ya ndiyo au hapana, na msubiri. Msimzungumze mbele yake kana kwamba hayupo. Wageni wanaomkagua wasikae muda mrefu, kwani huchoka upesi.

Mali yake pia ni yake. Maadamu akili yake ipo, hapana ruhusa ya kuuza shamba lake au kugawa mikarafuu yake kwa hoja ya kuwa amepooza. Mafaqihi wameizingatia ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema, basi aulizwe, na penye shaka iendewe kwa Kadhi.

Ibada yake

Swalah haimuondokei maadamu ana akili. Katika Hadiyth ya ‘Imraan bin Huswayn (Radhiya Allaahu ‘anhu), Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Asiyeweza kurukuu na kusujudu huashiria kwa kichwa. Kusaidiwa kutia udhuu kunajuzu, na maji yakimdhuru atatayammam. Aachwe aoshe mwenyewe kiungo anachokifikia. Ama saumu, anayetarajiwa kupona atalipa siku zake, na asiyetarajiwa hutoa fidia ya kulisha masikini kwa kila siku. Aliyevaa mpira wa mkojo, au anayetaka kujumuisha Swalah, amuulize Shaykh anayeijua hali yake.

Moyo wake na wa anayemuuguza

Huzuni nzito ni ya kawaida baada ya kiharusi. Akikataa chakula, akilia kila siku au akakataa mazoezi, msimwambie kuwa imani yake ni dhaifu. Mwambieni daktari. Na kazi ya kuuguza isiachiwe binti mmoja au mke peke yake huku kaka zake wakituma salamu tu. Wekeni zamu, na wa mbali atoe nauli na dawa.

Kikirudi tena

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, angalieni saa na mkimbizeni hospitali papo hapo, hata kama dalili zitaondoka njiani. Kwa walioziba mshipa ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo, na si kila hospitali inayo. Kungoja asubuhi ni hasara.

Kumhudumia mzazi ni ‘ibaadah kubwa, na katika huduma hiyo ni kumuacha ainue kikombe chake mwenyewe, japo chai itamwagika. Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu na Awape subira wanaowauguza. Aamiyn.

Wa-Allaahu A’lam.