Mlango Mmoja wa Fahamu Ukifungua Mwingine

Ndugu, chukua kalamu uandike herufi A. Wino wako ni mweusi, nawe waiona nyeusi. Lakini wako watu ambao wakiisoma A hiyo hiyo, huingiwa na wekundu au rangi nyingine akilini. Wanajua wino ni mweusi. Rangi huja yenyewe bila kuitwa. Wengine husikia zumari wakaona rangi. Wengine husikia neno wakapata ladha ulimini.

Milango ya fahamu ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kwa watu hawa, mlango mmoja ukifunguka, na wa pili hufunguka.

Habari hizi ni za zamani. Mwaka 1812, Georg Sachs, aliyekuwa akisomea udaktari, aliandika kwa Kilatini habari za ualbino wake na wa dada yake. Humo alieleza pia kwamba herufi, tarakimu, siku za juma na sauti za muziki zilimjia na rangi. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alitangaza majibu ya watu aliowauliza juu ya tarakimu. Aliona kwamba jambo hili hufuata ukoo.

Baadaye, katika karne ya 20, wataalamu wengi waliliacha. Walisema yaliyomo ndani ya mtu hayapimiki. Basi aliyeeleza rangi zake aliweza kudhaniwa mwongo au mgonjwa.

Je, ukweli ulipimwaje? Huko Uingereza, Simon Baron-Cohen na wenzake waliwasomea watu hao maneno mengi, wakaandika rangi walizotaja. Baada ya mwaka mzima waliwauliza tena. Matokeo yalitolewa mwaka 1993: majibu zaidi ya 90 katika kila 100 yalikuwa yale yale. Watu wa kawaida, walioulizwa tena baada ya juma moja tu, hawakufikia 40. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Njia ya hawa ilikuwa ndefu.

Leo wataalamu hukadiria kwamba watu wapata 4 katika 100 wana hali hii kwa namna moja au nyingine. Si ugonjwa. Huenda yumo mmoja darasani mwako. Akikuambia kwamba Jumatatu ni ya kijani, usimcheke. Mwulize tena mwakani.

Maswali
1. Taja milango mitano ya fahamu.
2. Sachs aliandika mwaka gani?
3. Kwa nini watu wale waliulizwa mara mbili?