Kabla ya Pipa Kulikuwa na Kinya

Tarehe 17 Oktoba 1814 bia iliua watu wanane London, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amelewa. Katika kiwanda cha Meux, karibu na barabara ya Tottenham Court, kulikuwa na pipa la mbao refu kama nyumba ya ghorofa mbili, limejaa bia nyeusi ya porter iliyokuwa imelazwa humo miezi kumi. Pete moja ya chuma ikateleza. Karani aliyeiona hakushtuka, kwani pete zilikuwa na kawaida ya kuteleza. Jioni ile pipa likapasuka, likaangusha na mengine, na wimbi la bia likabomoa ukuta na kuvamia nyumba za maskini wa St Giles. Baadhi ya waliokufa walikuwa matangani, wakimlilia mtoto. Jopo la uchunguzi likasema ni ajali tu. Kampuni ikarudishiwa ushuru iliyolipia bia iliyomwagika. Naomba KRA wasisome hapo.

Nasimulia mkasa huo kwa sababu siku hizi bia iliyolazwa kwenye pipa inauzwa kama uvumbuzi wa juzi. Wakati ule mbao zilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Porter ilikaa kwenye mti hadi ukali wake upungue, na ile iliyokuwa na nguvu zaidi ikaitwa stout, neno lililomaanisha nguvu tu, si rangi. Iliyozidi hapo ilipakiwa melini kupelekwa Urusi hadi jumba la kifalme. Baadaye matangi ya chuma yakaja, na mbao zikasahaulika.

Zilirudi kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Marekani inasema wiski ya bourbon lazima ilazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja, mwenye bourbon hana kazi nalo tena. Miaka ya 1990, watu wa Goose Island kule Chicago walichukua mapipa ya aina hiyo wakajaza stout nzito. Bia ikainywa ile wiski iliyokuwa imejificha kwenye mbao, pamoja na moshi na utamu wa mti uliochomwa. Leo kila mwenye kiwanda kidogo anataka kuwa na yake.

Mimi niliionja hapa Nanyuki. Rafiki alirudi kutoka ughaibuni na chupa moja, kilevi asilimia 13, na tulikuwa watu watano, kwa hivyo tuliigawa kwa vikombe vya chai. Nyeusi kama oili ya trekta. Mdomoni kwanza ni sukari guru, halafu kahawa iliyoungua, halafu moshi, halafu kitu kama vanila, na joto linashuka kifuani polepole. Tamu, sitadanganya. Ila kikombe kimoja kinatosha. Mjomba wangu, ambaye siku zote ni mtu wa Guinness ati inaongeza damu, aliizungusha mdomoni akanyamaza, kisha akasema, "Hii imekaa na mti. Ni kama ya mama."

Mama yake ni cucu yangu, na alikuwa anasema mũratina.

Kwa asiyejua: mũratina ni jina la mti, la tunda lake na la pombe. Tunda lenyewe limening'inia kama soseji kubwa na haliliwi. Linapasuliwa, linachemshwa, linakaushwa juani, linalazwa kwenye maji ya asali au ya miwa, linatolewa na kukaushwa tena. Kufikia hapo nyuzi zake zimeshika chachu. Siku ya kutengeneza pombe linaingizwa kwenye kinya, yaani kibuyu kikubwa, pamoja na asali au maji ya miwa, kinya kinawekwa karibu na moto, na chachu inaamka. Pombe ikiiva, tunda linatolewa, linaanikwa na kuwekwa hadi safari ijayo. La cucu lilitumika miaka mingi. Pipa la bourbon hubeba wiski ya jana kuipa bia ya leo, na tunda lile hubeba pombe ya jana kuipa ya leo. Tofauti ni kwamba mwaloni unatoa ladha tu. Mũratina ndiyo inayofanya kazi yenyewe ya kuchachusha. Kwa maoni yangu tunda limelishinda pipa.

Na haikuwa ya kila mtu. Njohi ilikuwa ya wazee, ya ruracio na ngurario, ya kusuluhisha kesi na kumwagia mababu. Kijana wa umri wangu angekaribia kinya angechapwa.

Kisha walowezi wakaja, wengi wao wanajeshi waliogawiwa mashamba haya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakaja na kiu yao. Mwaka wa 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwinda, na bia ikaitwa Tusker. Hapa Nanyuki hoteli ya Silverbeck ilikuwa na baa iliyokatwa na mstari wa Ikweta, wageni wakihama kizio kimoja cha dunia hadi kingine bila kuweka glasi chini. Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kunywa bia hiyo ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mjini yake ilikuwa ya kwenye ukumbi wa manispaa, inayotengenezwa na manispaa, faida ikienda kwa manispaa. Si ajabu Mau Mau walipiga marufuku bia ya wazungu pamoja na sigara zao. Walijua pesa inaenda wapi.

Ungedhani uhuru ungegeuza mambo. Mwaka wa 1980 chang'aa ikaharamishwa kabisa. Sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ikairuhusu tena, lakini iwe ndani ya chupa isiyopungua mililita 250, na iwe na leseni. Mama wa kijijini aliye na kinya na moto wa kuni chupa atazitoa wapi?

Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu kadhaa Embu, Kiambu na kwingineko, wengine wakapofuka. Hilo silifanyii mzaha, kuna wenzangu tuliosoma nao shule ya msingi ambao pombe ya bei rahisi imewamaliza wakiwa hai. Lakini methanoli ile haikutoka kwenye asali. Hata hivyo Julai 2015, rais alipoamuru pombe haramu imalizwe eneo la kati, umati uliingia boma kwa boma, na kwa cucu walifika pia. Mapipa matatu ya plastiki yalimwagwa, na kinya kikavunjwa kwa teke. Pombe hiyo ndiyo iliyomlipia mjomba karo, na baadaye ikanilipia mimi muhula wa kwanza wa chuo. Sikumaliza chuo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Siku hizi viwanda vidogo vya bia vipo Kenya, vya vijana wenye matangi yanayong'aa, na nawatakia heri. Shayiri iko hapo tu Timau, ukipanda matatu ya Meru unaipita ikiwa imesimama kando ya barabara. Asali ya Laikipia inauzwa kwa mitungi. Mapipa ya mwaloni yatabidi yaagizwe ng'ambo, kwa dola.

Tunda la cucu halikuonekana siku ile ya 2015 kwa sababu lilikuwa limeanikwa darini, juu ya moshi. Aliaga dunia 2019. Mjomba ndiye analo sasa, amelifunga kwa gunia la sukari, na kila mara nikimuuliza kama bado linaweza kuamka ananiambia niwe mzee kwanza.