Uzi: Unga wa pakiti na unga wa gorogoro

Uchaguzi ukikaribia, bei ya unga lazima irudi jukwaani. Sawa, lakini unga upi?

Turudi nyuma kidogo. Bara tulikula wimbi, mtama na mawele. Mahindi yalishika kasi enzi za walowezi, na posho ilikuwa chakula alichopimiwa kibarua, mara nyingi unga wa mahindi. Mwaka 1942, vita vikiendelea, serikali ya kikoloni ikaanza kudhibiti soko la mahindi. Baada ya uhuru udhibiti haukuisha, hadi soko likafunguliwa miaka ya 1990.

Tangu hapo tunajua ruzuku. 2017, pakiti ya kilo 2 Sh90. Julai 2022, Sh100. Miaka yote miwili kura ilikuwa Agosti, mimi simo.

Sasa muangalie mama anayebana matumizi kweli kweli. Ananunua mahindi kwa gorogoro, anapeleka posho mill, anarudi na unga usiokobolewa, ule wa kushibisha. Pakiti hanunui. Hiyo Sh90 ilimfikia vipi?

Mgombea akiahidi kushusha bei ya unga, muulizeni kuhusu gorogoro.