Utando na Mpako: Istilahi Mbili za Betri ya Lithi

Mfasiri wa maandishi juu ya betri za lithi hukutana na vitu viwili ambavyo vyote humvuta aandike "ganda". Akifanya hivyo, mwalimu atakayeisoma tafsiri yake hataweza kutambua kipi hujizalia chenyewe ndani ya betri na kipi huwekwa kiwandani. Historia ya vitu hivyo ndiyo inayotufanya tuvitenge.

Cha kwanza hakikubuniwa na mtu. Mwaka 1979 Emanuel Peled wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alieleza kwamba lithi ikigusana na elektroliti hufunikwa papo hapo na tabaka jembamba, lenye kupitisha ioni na kuzuia elektroni. Mwaka 1990 Jeff Dahn na wenzake, huko Kanada, walionyesha kuwa tabaka la namna hiyo hutokea pia juu ya elektrodi ya kaboni betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, na kwamba kuumbika kwake hula sehemu ya lithi. Likipasuka hujijenga upya, na kila mara lithi nyingine hupotea. Hiyo ni njia mojawapo ya betri kuzeeka. Tabaka hili tunaliita utando, kwa mfano wa ule unaotanda juu ya uji unaopoa: hakuna aliyeuweka, na ukiuondoa hutanda mwingine.

Cha pili kilitokana na shida ya elektrodi ya upande wa pili, yaani kathodi ya oksidi ya lithi na kobalti, iliyovumbuliwa Oxford na John Goodenough na wenzake mwaka 1980 na kufika sokoni katika betri za Sony mwaka 1991. Ikichajiwa kwa volti kubwa mno, elektroliti huishambulia na kobalti huanza kuyeyuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, wakiwamo wa Korea ya Kusini, walifunika chembe zake kwa oksidi za alumini au zirkoni, nazo zikadumu zaidi. Baadaye ikatumika mbinu ambayo Tuomo Suntola wa Ufini aliianzisha mwaka 1974 kwa shughuli nyingine kabisa: gesi mbili hupitishwa kwa zamu, na kila mzunguko huacha oksidi ya alumini yenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita. Wembamba huo una maana yake, kwani kinga ikiwa nene huzuia ioni zenyewe.

Hiki tunakiita mpako. Wako watakaopinga kwamba hapa hapana brashi wala mkono wa fundi, gesi tu. Lakini mafundi wetu wa magari hupaka rangi kwa kupuliza, na hatujasikia mtu akikilaumu kitenzi hicho. Wingi wake ni mipako. Wa utando ni tando.