Rubani wa Wastani

Sisi walimu tunalipenda mno neno "wastani". Mwanafunzi mmoja akipata alama 20 na mwenzake 80, wastani wao ni 50, ingawa hakuna aliyepata 50. Darasani hesabu hiyo haimwui mtu. Angani yaweza kuua.

Tangu mwaka 1926 Jeshi la Marekani lilijenga chumba cha rubani kwa vipimo vya wastani vya marubani wake wanaume. Mwishoni mwa miaka ya 1940, ndege zilipozidi kasi, ajali zilikithiri. Wakalaumiwa marubani, wakalaumiwa na waliowafundisha. Ndipo mwaka 1950 wataalamu wa kituo cha Wright, jimboni Ohio, wakawapima upya marubani zaidi ya 4,000.

Luteni kijana, Gilbert Daniels, alichagua vipimo 10, kama vile kimo, kifua na urefu wa mkono. Katika kila kipimo, aliyeangukia kwenye asilimia 30 ya katikati alihesabiwa kuwa wa wastani. Kati ya marubani 4,063, aliyekuwa wa wastani katika vyote 10 hakupatikana hata mmoja. Huyu ana mikono mirefu na miguu mifupi. Yule kifua kipana na nyonga nyembamba. Kiti cha watu wote kumbe hakikuwa cha mtu yeyote.

Basi jeshi likaamua kiti ndicho kimfuate mtu: viti vikawa vya kusogezwa, na pedali na mikanda vivyo hivyo. Hata upimaji ukabadilika. Watu wa maumbo mbalimbali huketishwa ndani ya ndege yenyewe. Je, anaona nje vizuri? Akiwa amefungwa mikanda, mkono unafika kwenye swichi zote? Kiti kikimrusha nje wakati wa hatari, magoti yatapita salama? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, waliopimwa walikuwa wanaume. Wanawake wa Marekani waliporuhusiwa kurusha ndege za vita mwaka 1993, wengi waliambiwa kwamba ni wafupi mno. Ni mwaka 2020 tu Jeshi la Anga lilipoagiza kwamba ndege mpya zisanifiwe kwa vipimo vya vijana wa sasa, wake kwa waume, badala ya vile vya marubani wanaume vya mwaka 1967.

Ndiyo maana nikisikia mtu akiambiwa hafai, huuliza kwanza: kiti alichokalishwa kilipimwa kwa nani?